Skripti ya ukaguzi inameza jina la faili na kukagua mradi mzima, mpaka lini?

Wakuu, habari za kazi. Niko Kigoma, hapa Mwanga, na naandika nikiwa na hasira. Kuna jambo tumelilalamikia kwenye timu mpaka tumechoka, na mhusika yuko kimya.

Mradi wetu ni wa PHP, mfumo wa kusajili mizigo ya dagaa na mawese kwa wafanyabiashara wa huku. Kiongozi wetu wa ufundi, yeye yuko Dar, alituwekea skripti ya kukagua msimbo, kagua.sh, inayojiwasha yenyewe kila unapokomiti, yaani unapohifadhi mabadiliko kwenye git. Wazo silipingi hata kidogo. Ila nimerekebisha mstari mmoja kwenye faili la risiti, nataka kukagua hilo tu, naandika:

./kagua.sh app/Models/Risiti.php

Inapokea jina, haitoi onyo lolote, kisha inaanza kupitia mradi mzima, pamoja na mafolda ambayo hayajaguswa tangu aliyeyaandika aache kazi! Fungua skripti uone: mwishoni pameandikwa `vendor/bin/phpcs app`, yaani chombo cha kukagua mtindo, phpcs, kipitie folda nzima ya app, basi. Hakuna "$@", ile alama inayopokea majina uliyoyaandika, popote. Majina unayoandika yanatupwa. Heri ingekataa waziwazi, mtu ungejua moja.

Laptopu za wengi wetu zina RAM ya GB 4. PHPStan, chombo cha pili kwenye skripti kinachotafuta makosa ya msimbo bila kuuendesha, ikianza tu, feni inalia, kivinjari kinaganda, na umeme ukikatika betri ndiyo hiyo inayeyuka. Halafu majibu yakija ni makosa ya watu wengine kurasa kwa kurasa, la kwako ulitafute humo humo. Kijana aliyekuja kwetu mafunzo kwa vitendo alikataliwa komiti kwa sababu ya nafasi zilizozidi kwenye faili ambalo hajawahi hata kulifungua. Akaniuliza, "Kaka, na hizi nirekebishe?" Akizirekebisha, badiliko lake dogo linafunikwa na mafaili chungu nzima, na anayelipitia hataona kilichobadilika kweli.

Jibu la kiongozi ni lile lile: "Ukaguzi kamili ndio salama." Mkuu, kama unasoma humu, nisikilize. Umechanganya kaguzi mbili. phpcs inaangalia mtindo wa uandishi, faili kwa faili. Kulikagua faili la risiti hakuhitaji kujua kilichomo kwenye faili la mizani. PHPStan ni tofauti, na hapo nakubaliana nawe: ukibadilisha aina ya thamani inayorudishwa na fanksheni, kosa linaweza kuibukia kwenye faili jingine kabisa linaloiita, na ukikagua lile moja hutaliona. Lakini PHPStan ina kache yake, yaani akiba ya matokeo ya awali. Ikishapitia mradi mara ya kwanza, baadaye inachambua yaliyobadilika na yale yanayoyategemea. Sasa mstari wa kwanza wa skripti yako ni `vendor/bin/phpstan clear-result-cache`. Unafuta kache kila komiti! Kwa faida ya nani? Na makosa ya zamani yana dawa, `--generate-baseline`: yanawekwa kando, linalopigiwa kelele linabaki kuwa jipya tu.

Marekebisho nimeshayatuma. Kiini chake ni hiki:

git diff --cached --name-only --diff-filter=ACM -- '*.php' | xargs -r vendor/bin/phpcs

ACM inazuia faili lililofutwa lisipelekwe kukaguliwa wakati halipo. Ile -r msiidharau. Bila hiyo, kwenye Ubuntu, siku umekomiti picha au CSS peke yake orodha inakuwa tupu, phpcs inaitwa bila jina lolote, na kama phpcs.xml, faili la mipangilio yake, inataja folda ya app, inarudi kulekule kukagua kila kitu. Asiyetaka amri ndefu, phpcs ina `--filter=GitStaged`, inayokagua yale tu uliyoyaandaa kukomiti. Ukaguzi wa mradi mzima ufanywe na seva kabla ya kuunganisha kwenye tawi kuu. Kwetu seva haikagui chochote.

Nilipoulizia kwenye grupu nikajibiwa, "Kama una haraka tumia --no-verify." Hapo ndipo damu ilipochemka. Hiyo inaruka ukaguzi wote, mpaka `php -l`, ile inayoangalia makosa ya sintaksia tu, ambayo haichukui muda kabisa. Watu wameizoea, na matokeo yake faili lenye mabano yasiyofungwa limefika kwa mteja. Mzee wa watu amesimama bandarini na mzigo wake, risiti haitoki, na anayepigiwa simu ni mimi niliye jirani naye, si aliyeandika skripti.

Wakuu mliowahi kubanana na kiongozi wa namna hii, mlimfikishiaje mpaka akakubali? Nawe mkuu wa Dar, marekebisho yanakusubiri. Weka "$@", toa mstari wa kufuta kache, na ujibu kwenye grupu leo.