Detroit iliuawa na nani? Tuanze na hesabu

Wakuu, kila Detroit, ule mji wa magari wa Marekani uliodorora, ikitajwa humu jibu ni lilelile: weusi walipoushika mji, ukafa. Basi tuhesabu. Coleman Young, meya wa kwanza mweusi, alichaguliwa 1973. Mwaka 1950 mji ulikuwa na watu karibu milioni 1.85, 1970 walibaki kama milioni 1.5. Watu zaidi ya laki tatu walishapungua kabla Young hajakalia kiti. Hao aliwafukuza vipi?

Tafuteni picha za ukuta wa Birwood, karibu na barabara ya 8 Mile, iliyo mpaka wa mji na vitongoji vya kaskazini. Ni ukuta wa zege, kimo cha futi sita, unapita nyuma ya nyumba za watu. Mjenzi alitaka kuwauzia wazungu nyumba, serikali kuu ikagoma kudhamini mikopo kwa vile weusi walikuwa jirani. Mwaka 1941 akapandisha ukuta, dhamana ikatoka. Ukuta bado upo, sehemu moja wakazi wameupamba kwa michoro.

Jibu la mchangiaji:
Mkuu, 1941 ni zamani. Ghasia za 1967 kati ya weusi na polisi mjini Detroit ziliua watu 43, nani angebaki? Na viwanda vya magari vilihama. Tusisingizie rangi kwa kila kitu.

Mleta mada:
Ndugu yangu, hofu ya 1967 siipingi, na viwanda ni kweli, vilianza kuhamia vitongojini tangu miaka ya 1950. Ila kazi ilipohama, nani aliruhusiwa kuifuata? Dearborn, mji jirani na Detroit yalipo makao makuu ya Ford, Orville Hubbard alikuwa meya kuanzia 1942 hadi 1978, na hakuficha kwamba hataki weusi waishi pale. Mtu alitoa jasho Dearborn mchana kutwa, jioni anarudi kulala Detroit.

Kinachoniuma zaidi ni shule. Mwaka 1974, katika kesi ya Milliken dhidi ya Bradley, Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta, kwa kura 5 dhidi ya 4, mpango wa kuchanganya wanafunzi wa mji na wa vitongoji. Tangu hapo mzazi mzungu asiyetaka mwanawe akae dawati moja na mtoto mweusi alijua la kufanya: avuke 8 Mile. Na kodi ya majengo aliyoulipa mji akaondoka nayo. Mji ukaomba kufilisika 2013.

Anayesema waliobaki wangeweza kulipia mabomba, taa na polisi wa mji uliojengewa watu karibu milioni mbili, aweke hesabu yake hapa tuione.