Kwa nini nyuso hugeuka za kijivu ninapoziongezea mwanga?

Mwanafunzi wa Ngara:
Habari zenu wakubwa. Nipo mwaka wa pili chuoni, na kwa miezi mitatu nimekuwa nikijifunza kupiga picha kwa kamera kuukuu niliyoazimwa na mjomba. Jumamosi iliyopita niliwapiga wenzangu mbele ya KICC, jumba refu la mikutano hapa Nairobi, saa sita mchana, anga likiwa jeupe nyuma yao. Jengo lilitoka vizuri, lakini nyuso zao zilijaa giza hata macho hayakuonekana. Nilipoziongezea mwanga kwenye kompyuta, ngozi ikawa kama imepakwa majivu na vivuli vikajaa chengachenga. Iliniuma, kwa sababu mmoja wao alitaka picha ya kumtumia mamake. Je, tatizo ni kamera au ni jinsi ninavyohariri?

Mpiga picha wa Buruburu:
Karibu sana, mdogo wangu. Kamera haina ubaya. Kipima mwanga chake hakijui kwamba unampiga mtu. Hukadiria kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa pamoja, kina wangavu wa kijivu cha wastani, na kwa hiyo kikiona anga jeupe hupunguza mwanga wa picha nzima, na wa kwanza kuumia ni mwenye ngozi nyeusi. Tafuta kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa, upandishe hatua moja, maana kila hatua nzima huongeza mwanga maradufu, kisha ukuze picha kwenye kioo cha kamera uutazame uso wenyewe.

Saa nayo ilikuponza. Hapa Nairobi jua hufika juu kabisa mnamo saa sita na nusu, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, mara nyingi huwa karibu na utosi, hivyo paji la uso hutia kivuli machoni. Subiri saa kumi na moja na nusu jioni, lakini usichelewe, kwa sababu huku jua hushuka moja kwa moja na ule mwanga laini wa dhahabu haumalizi hata saa nzima.

Mhariri wa South B:
Nakubaliana na kaka hapo juu, ila hatua hiyo moja itaunguza anga libaki jeupe tupu, na anga lililoungua halirudishwi na programu yoyote. Mimi ningewahamisha watu kabla ya kugusa kitufe chochote: wasimame chini ya mti, mgongo ukielekea majani na uso ukielekea uwazi.

Kuhusu majivu, nadhani ulipiga kwa JPEG, yaani picha ambayo kamera imeshaibana. Faili hiyo huhifadhi ngazi 256 tu za wangavu kwa kila rangi, na sehemu za giza hupata chache mno, kwa hiyo ukizivuta juu hakuna rangi iliyobaki ya kuonyesha. Faili ghafi ya RAW ya biti 14 ina ngazi 16,384. Ifungue kwa darktable, programu ya bure ya kuhariri picha, uchague uso pekee, uongeze mwanga kidogo, kisha usogeze joto la rangi upande wa manjano, kwa kuwa mwanga wa kivulini huwa na ubuluu. Tafadhali usiifanye ngozi iwe nyeupe kuliko ilivyo. Hilo nalisisitiza kwa sababu naliona kila wiki: mteja analetewa picha ambayo nduguye hawezi kumtambua.

Mwanafunzi wa Ngara:
Asanteni sana. Jana jioni niliwapeleka bustani ya Jeevanjee, chini ya miti, nikapiga kwa RAW. Uso wa rafiki yangu haukuhitaji nyongeza yoyote ya mwanga. Nilichorekebisha ni ule ubuluu tu, na ngozi ikarudi kwenye kahawia yake. Picha imeshatumwa kwa mamake.