Intaneti 25 Juni 2024: ilizimwa, au nyaya zilikatika?

Mwanzisha mada:
Tujadili bila matusi. Siku ya maandamano ya Mswada wa Fedha nilikuwa Nairobi, simu mkononi. Jioni ujumbe wa WhatsApp ukabaki na kale kasaa kadogo, hata tiki moja hakuna. Kila aliyekuwa karibu akasema neno moja: "Wamezima."

Siku moja kabla, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilitangaza kuwa haina nia ya kuzima intaneti. Safaricom nayo ikasema nyaya zake mbili za chini ya bahari zina hitilafu. Vipimo vya NetBlocks na Cloudflare, wanaofuatilia hali ya intaneti duniani, vilionyesha mtandao umeporomoka kweli, ila Uganda na Burundi nako uliyumba. Kipimo kama hicho kinakwambia maji yamepungua bombani. Hakikwambii nani kashika koki.

Kufungia mtandao mmoja wa kijamii huacha alama tofauti. Tanzania, Mei 2025, X (zamani Twitter) iligoma huku tovuti nyingine zikifunguka, na ukiwasha VPN, programu ya kupitisha mawasiliano yako nchi nyingine, unaingia. Hapo hakuna wa kukuletea hadithi za papa kutafuna waya wa baharini. OONI Probe, programu ya simu ya kupima kama tovuti imefungiwa, hupima hivyo hivyo: hujaribu tovuti kupitia laini yako, kisha hulinganisha na jaribio lililofanywa kwingine.

Kwa 25 Juni, mimi sioni ushahidi wa kutosha kusema serikali ilizima. Nipingeni.

Jirani wa Rongai:
Sadfa gani hiyo, ndugu yangu? Vijana wanaingia Bungeni, nyaya mbili zinakufa kwa pamoja! Kumbukumbu za hitilafu wanazo wenye nyaya. Wazitoe: zilikatikia wapi, saa ngapi, zilitengenezwa lini. Kunitaka mimi nithibitishe ni sawa na kumwambia aliyeibiwa alete alama za vidole.

Mganda wa Mombasa:
Kampala, Februari 2016, siku ya uchaguzi, hatukuhitaji kipimo. Kampuni ya simu ya MTN wenyewe walitangaza kwamba UCC, mamlaka ya mawasiliano ya Uganda, imewaagiza wafunge mitandao ya kijamii na huduma za pesa za simu. Wenye VPN wakaendelea kupiga soga. Muuza matoke hakuwa na haja na Facebook. Alikwama kwa sababu hela yake iko kwenye simu. Vipimo vyenu vya tovuti vinamwona huyo?

Mwanzisha mada:
Havimwoni, umenishika hapo. Na la kumbukumbu nakubali, Jirani, zitolewe.

Ila tupime siku za kawaida pia. Ukipima siku ya vurugu tu, utalinganisha na nini? Na mjue OONI huweka matokeo hadharani pamoja na jina la kampuni ya laini yako, kwa hiyo anayehofia kugongewa mlango usiku asijilazimishe. Halafu intaneti ikizimwa yote, kama Tanzania 29 Oktoba 2025, programu ya simuni haina njia ya kutuma matokeo. Hapo tunabaki na wanaotutazama kutoka nje. Kuna aliyepima Rongai au Mombasa jioni ile ya Juni?