Naombeni ushauri: niendelee kununua kura za roboti au niache?

DagaaMchele: Wakuu habari zenu. Nipo kwenye mtandao mmoja, jina tuliache, ambao ukiandika na watu wakikupigia kura unalipwa kwa sarafu yao. Juzi nimeandika kuhusu kilimo cha mwani Paje. Nimekesha siku mbili, picha nimepiga mwenyewe maji yakiwa magotini. Baada ya siku saba nimepata senti 4 za dola. Senti nne! Jamaa mwingine kaweka kikombe cha kahawa na mistari miwili, inasoma dola 60.

Kuchungulia kura zake, karibu zote ni roboti. Unairushia roboti sarafu, kwenye maelezo ya muamala unabandika kiungo cha makala, inakupigia kura. Nikatuma za dola 5, makala ikasoma 5.80. Nikashangilia. Siku ya malipo robo wakachukua wapiga kura, nikabaki na 4.35, na nusu yake imefungwa. Niongeze dau au nitulie? Nawasilisha.

Kipanga_: Mkuu umepigwa, tena kwa hesabu. Steemit, mtandao wa namna hiyohiyo wa sarafu ya Steem, tuliyaona haya 2018. Kura nzima ilikula asilimia 2 ya nguvu yako ya kupiga kura, na kwa siku inarudi asilimia 20, kwa hiyo roboti ilipiga kila baada ya saa 2 na dakika 24. Mliotuma kwenye duru hiyo mnagawana kura moja kulingana na dau. Mkijazana, wote mnaumia.

BiMwanapwani: Jiulize roboti nguvu inaitoa wapi. Kule Steemit kura ilipimwa kwa sarafu ulizofunga, si kwa vichwa. 2017 wakaruhusu kuazimisha nguvu, basi nyangumi, yaani wenye sarafu nyingi, wakazikabidhi roboti nguvu zao, wakawa wanalipwa kila siku bila kusoma hata sentensi. Na mfuko wa malipo ni mmoja: kura ya kikombe imemega fungu la mwani wako.

Sugu1: Kwa hiyo afe njaa? Mimi nanunua, makala inapanda juu, watu wanaiona. Ni tangazo tu hilo.

DagaaMchele: Umepata wasomaji wangapi mkuu?

Sugu1: Maoni mawili. Moja la roboti, inanishukuru kwa kuitumia.

Kipanga_: 😂😂 Agosti 2019 Steem walibadilisha: mwandishi nusu, wapiga kura nusu, na kura kadhaa za kushusha zisizokula nguvu yako. Roboti nyingi zikafunga duka. Nyangumi je? 2020 kampuni ya Steemit iliponunuliwa na Justin Sun, tajiri wa sarafu za kidijitali, waliogoma wakaanzisha mtandao wao, Hive, salio za watu zikanakiliwa kule isipokuwa za kampuni na baadhi ya waliomuunga mkono. Nyangumi wengi wakaamka nyangumi vilevile. Kwenu kura za kushusha zipo? Kama hazipo, usiweke hata senti.

DagaaMchele: Zipo, ila ukimshusha mkubwa anakufuata kwenye makala zako zote.

BiMwanapwani: Basi mwache. Usinunue kura, na usimchokoze. Tafuta vikundi vya wanaosoma kabla ya kupiga kura, andika maoni ya maana kwao, wewe ujulikane kwanza. Halafu lete hicho kiungo cha mwani. Wangu Jambiani ncha zinageuka nyeupe, unakatika.

DagaaMchele: Dada, umefunga kamba maji ya kina gani?

BiMwanapwani: Yakitoka, yananifika chini ya goti.

DagaaMchele: Hapo joto linaupiga. Sogeza kamba kwenye kina zaidi, na huo mweupe utoe usigusane na mzima. Nakuwekea picha usiku.