MREJESHO: Transfoma ya kiwanda cha korosho Mtwara, ile alamu ya Buchholz

Wakuu, nimerudi. Niliuliza mbona transfoma yetu alamu ya Buchholz (rilei ya ulinzi inayonasa gesi inayotokea ndani ya mafuta ya transfoma) inalia kila mara ila umeme haukati, wengine mkasema toa hewa tu kazi iendelee. Nikamfuata yule mkuu aliyesema gesi kidogo inapiga alamu tu, kukata ni mpaka mafuta yasukumwe ghafla, kwahiyo tusisubiri huko na gesi isiachiwe hovyo. Fundi akaikusanya, akaijaribu kwa moto mbali na transfoma, ikashika! Hewa gani inawaka? Tukazima, mafuta yakaenda Dar kupimwa, asetilini juu na haidrojeni juu, yaani kuna cheche ndani. Kufungua tu, kontakti moja ya tapu cheinja (swichi ya kurekebisha volti ya transfoma) imeungua nyeusi tii. Imebadilishwa, mafuta yamechujwa, alamu kimya mpaka leo.

Ushauri wenu wa kufunga rilei ya difarensho (inayolinganisha mkondo unaoingia na unaotoka kwenye transfoma) umekwama, upande wa volti ndogo hatuna CT zake, vile vifaa vya kuipimia mkondo, na bosi kasema mpaka msimu wa korosho uishe, mnajua tena mabosi. Na silika jeli (chembe za kunyonya unyevu kwenye hewa inayoingia transfoma) imeanza kugeuka pinki tena, yaani imeshika unyevu, nahisi gasketi ya chupa yake inapitisha, bado naifuatilia.

Asanteni sana, mkipita Mtwara pweza juu yangu.