Mrejesho: Kitambuzi cha sumukuvu na wauza mahindi wa Busia, Uganda

Ndugu zangu mlionijibu nilipouliza namna ya kuwafikia wauza mahindi na wataalamu kabla kikundi chetu cha wanafunzi hakijakamilisha usanifu wa kitambuzi cha sumukuvu (sumu ya kuvu wanaoota kwenye nafaka) kinachotumia bakteria waliobadilishwa vinasaba, nawashukuru sana.

Ushauri wa kuanza na akina mama wanaoanika na kupepeta, badala ya viongozi wa ushirika, ndio uliozaa matunda. Mmoja wao alichota mahindi kiganjani, akauma punje kupima ukavu wake, kisha akauliza: “Hicho chenu kitaniambia kabla sijanunua, au baada?” Swali hilo lilitubadilishia kazi. Sasa tunalenga karatasi ya kupimia papo hapo, isiyo na bakteria hai, jambo ambalo mtaalamu wa usalama wa viumbe naye alilipendekeza, kwa kuwa miswada ya kusimamia viumbe waliobadilishwa vinasaba, iliyopitishwa na Bunge la Uganda mwaka 2017 na 2018, haikutiwa saini na Rais.

Barua ndefu kwa wataalamu hazikujibiwa. Maswali mafupi kwa simu yalijibiwa, tena kwa ukarimu.

Tulikwama kwenye sampuli. Tangu Kenya ilipozuia mahindi yetu kwa muda mwezi Machi 2021, wenye maghala wanaogopa kuonekana wamevuka kikomo cha mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo, na ahadi yetu ya kuficha majina haikuwatuliza. Aliyefanikiwa katika hilo naomba anielekeze.