Mpini wa kurefuka wa kuoshea madirisha kwa maji: kaboni au faibaglasi, na wa mita ngapi?

mwoshavioo

Wakuu, naombeni ushauri kabla sijatoa hela. Nataka kuachana na ngazi na raba ya mkono, nihamie kwenye mpini wa kurefuka wenye brashi inayotoa maji. Nyumba nyingi ninazoosha, dirisha la juu linaishia mita 5.5 kutoka chini. Mara mojamoja kunakuwa na jengo la mita 9. Je, ninunue mpini mmoja wa mita 12 unaofika kote, au miwili tofauti? Kaboni inastahili bei yake au faibaglasi inatosha? Na huu mtindo wa kuacha kioo kikauke chenyewe bila kufuta, kwa maji ya bomba ya kawaida unawezekana kweli?

Pingili7

Mita 12 kwa dirisha la mita 5.5 ni kujitesa bure. Pingili (vile vipande vya mpini vinavyoingiana) usizozifungua hazibaki nyumbani, zimelala ndani ya ile uliyoishika na unazibeba kutwa nzima.

Anza na hesabu. Mpini haufanyi kazi ukiwa umesimama wima, unalala kidogo, nyuzi kama 65 kutoka ardhini. Kwa pembe hiyo kila mita ya mpini inakupa sentimita 90 za kwenda juu. Kitako cha mpini kiko kiunoni, mita 1 hivi kutoka chini. Kwa hiyo toa 1 kwenye urefu wa dirisha, gawanya kwa 0.9. Dirisha la 5.5 linahitaji mita 5 za mpini, la 9 linahitaji karibu mita 9. Miguu yako itakuwa mita 2 kutoka ukutani kwa dirisha la kwanza, na karibu mita 4 kwa la pili.

Hapo ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu wanapima kwenda juu tu na kusahau kilichoko chini ya dirisha. Kukiwa na paa la kibaraza au ua linalokulazimisha kusimama mita 4 kutoka ukutani, lile dirisha la 5.5 linataka mita 6 kamili za mpini. Na mpini uliofunguliwa hadi mwisho ndio unaoyumba zaidi, kwa hiyo acha akiba ya mita moja. Nunua wa mita 7 kwa kazi za kila siku, na wa mita 10 au 11 kwa yale majengo marefu.

Halafu soma tangazo kwa makini. Wauzaji wengine wanaandika "urefu wa kufikia", yaani wamejumlisha na kimo cha mtu na mikono aliyoinua. Uliza mpini wenyewe una mita ngapi ukifunguliwa na ngapi ukifungwa. Ukifungwa ukabaki na mita 2.3, hakikisha gari lako linaumeza.

fundi_kaboni

Naongezea kuhusu malighafi. Kinachokuchosha ni kuyumba kuliko hata uzito. Mpini laini unausukuma chini, kichwa kinafuata baadaye, unapoteza nguvu njiani na brashi inaruka juu ya uchafu.

Nyuzi za glasi, yaani zile za faibaglasi, zina ugumu wa takriban GPa 72 (gigapaskali, kipimo cha ugumu; namba kubwa ni ngumu zaidi), za kaboni ya kawaida takriban 230, na za daraja la juu zinapita 350. Hizo ni nyuzi tupu kabla ya kuchanganywa na rezini (gundi inayozishikanisha), kwa hiyo mpini uliokamilika una namba ndogo zaidi, lakini mpangilio ni huohuo. Alumini ni 70, nayo ni nzito kuliko zote kwa ujazo uleule, na ikishapinda hairudi. Kwa maji na brashi mimi siishauri kupita mita 4.

Urefu nao una adhabu yake. Uzito wa brashi kwenye ncha unaupinda mpini kwa kipeo cha tatu cha urefu, na uzito wa mpini wenyewe kwa kipeo cha nne. Ukitoka mita 6 kwenda 9 kwa bomba lilelile, brashi inaupinda mara 3.4 zaidi, na uzito wake wenyewe mara 5. Ndiyo maana faibaglasi inayopendeza kwenye mita 5 inageuka kuwa mjeledi kwenye mita 9. Kwa huo wa pili chukua kaboni, usibishane na mfuko.

Kaboni ya daraja la juu nayo ina lake: ni ngumu lakini inavunjika kirahisi ikigongwa kando. Ikianguka kwenye ukingo wa zege, ufa mdogo hauonekani hadi siku unapoufungua wote. Kila wiki pitisha kitambaa kwenye kila pingili. Kitambaa kikinasa, hapo kuna nyuzi zilizochomoka. Vaa glavu, maana kijiti cha kaboni kikiingia kidoleni kukitoa ni kazi. Piga msasa ukiwa umelowanisha, vaa barakoa, kisha funika kwa epoksi (gundi inayokauka ngumu).

mama_koki

Nakubaliana kwa mita 9, ila kwa huo wa mita 7 msimtishe mtu. Mpini mchanganyiko, wenye glasi na kaboni ndani ya bomba moja, unatosha kabisa kwa anayeanza, na ukianguka unavumilia kuliko kaboni tupu. Hata faibaglasi safi hadi mita 5 inafanya kazi, mradi kichwa ni chepesi.

Kichwa ndiko kwenye siri. Gramu 200 ukizipunguza kwenye ncha unazisikia begani kuliko kilo nzima uliyoipunguza kwenye kitako. Brashi ya sentimita 25 hadi 30 inatosha madirisha ya nyumba. Ile ya 45 inavutia dukani, lakini haiingii kwenye vioo vidogo na inabeba maji mengi kwenye nywele zake.

Mpira wa maji unaopita ndani ya mpini nao unahesabika. Wenye tundu la milimita 5 unabeba gramu 20 za maji kwa mita, wenye 8 unabeba 50. Kwenye mita 9 hiyo ni gramu 180 dhidi ya 450, bado uzito wa mpira wenyewe. Usiende mwembamba kuliko 5 ingawa, kwa sababu pampu itashindwa. Kuyapandisha maji mita 10 tu kunakula baa 1 nzima ya shinikizo, kabla hujahesabu msuguano. Pampu dhaifu ukiiona inatiririsha vizuri chini, juu inadondosha matone. Unachotaka kichwani ni lita 1.5 hadi 2 kwa dakika.

Na umeme, jamani. Kaboni na alumini zinapitisha. Msidanganyike kwamba faibaglasi ni salama: kavu na safi haipitishi, lakini mpini wa kazi hii haukauki, una vumbi juu na mpira wenye maji ndani. Maji yaliyochujwa yanapitisha umeme kidogo sana, ila yakishagusa uchafu hiyo sifa imekwisha. Tazama juu kabla ya kufungua kibano (kifungo kinachoshika pingili mbili) cha kwanza. Kama mpini ukianguka upande wowote unaweza kugusa waya, au hata kuukaribia, usiufungue hapo.

mwoshavioo

Asanteni sana. Niliwahi kushika mpini wa mtu, nikizungusha kichwa kidogo pingili zinajizungusha zenyewe na zinateleza kushuka. Je, hilo ni kosa la aina ya vibano au la matunzo? Vibano gani nivitafute?

Pingili7

Tafuta vibano vya nje vya wenzo, vyenye skrubu ya kurekebisha mkazo na vinavyouzwa kimoja kimoja kama spea. Vibano vya kuzungusha ni vyepesi zaidi, lakini mkono ukiwa umelowa hujui kama umekaza au bado.

Mkazo sahihi: wenzo ufunge kwa nguvu ya kidole gumba, na ulie "tak" mwishoni. Ukilazimika kuupiga kwa kiganja umekaza mno, unaliminya bomba na kaboni itapasuka hapohapo. Ukifunga bila upinzani wowote, geuza skrubu robo ya mzunguko, jaribu tena.

Kuhusu kuteleza, chora mstari mmoja kwa kalamu ya alama kutoka pingili nene, upite juu ya kibano hadi pingili nyembamba. Funga, kisha zungusha kichwa kwa nguvu. Mstari ukikatika kati ya kibano na pingili nyembamba, shida ni mkazo, mchanga, au mtu kapaka mafuta. Ukikatika kati ya kibano na pingili nene iliyokibeba, gundi imeachia, na hata ukikaza hadi kesho hutaponya. Kitoe, piga msasa namba 240 pande zote mbili, futa kwa spiriti, paka epoksi ya sehemu mbili, acha saa 24.

Mafuta, silikoni, nta: marufuku. Mpini mgumu kufunguka umejaa mchanga. Maji machafu yanatoka kwenye fremu, yanashuka juu ya mpini na kuacha chembe kwenye kila kibano, na ukikunja zinasaga bomba kama msasa. Mwisho wa siku chomoa pingili zote, suuza kwa maji, futa, simamisha kitako kikiwa wazi maji yatoke.

fundi_kaboni

Na namna ya kufungua inachangia vibano kufa. Simamisha mpini wima karibu na ukuta, fungua pingili nyembamba kwanza, ukisukuma juu, ili kila kibano kinachofuata kikukute kifuani. Wakati wa kushusha, anza na nene. Anayefungua wote chini kisha anauinua kama nguzo anauvunja kwenye kiungo cha katikati, maana hapo ndipo uzito wote unapokaa.

Usivute pingili kupita alama yake. Kama haina alama, weka ya kwako ili sentimita 20 zibaki ndani.

mama_koki

Swali la maji halijajibiwa. Maji ya bomba ya kawaida, hapana. Madoa meupe ni madini yanayobaki maji yakikauka. Nunua kipimo cha mkononi cha TDS, yaani jumla ya madini yaliyoyeyuka kwenye maji. Lengo ni 0 ppm (sehemu kwa milioni), chini ya 10 kioo kinakauka safi, kuanzia 20 utaanza kuyaona hasa kwenye vioo vyeusi. Kilainisha maji hakisaidii, kinabadilisha kalsiamu kwa sodiamu tu na namba ya TDS inabaki palepale.

Kama bomba lako linasoma chini ya 100, tangi la rezini (hapa ni punje zinazonasa madini ya maji, si ile gundi ya mpini) peke yake linaweza kukutosha. Likisoma 300, rezini itaisha haraka na itakufilisi, weka utando wa osmosisi kinyume (chujio linalozuia madini maji yakisukumwa kwa shinikizo) mbele yake. Rezini ikikaribia kuisha namba inapanda ghafla, kwa hiyo pima kila asubuhi kabla ya kupakia.

Hata maji ya 0 yataacha madoa ukianza na kioo. Sugua fremu ya juu, isuuze, ndipo ushuke kwenye kioo, kisha suuza brashi ikiwa imeinuliwa kidogo. Kioo ambacho maji yanatandaa juu yake tumia nozeli za mkondo mwembamba za milimita 2. Kioo ambacho maji yanajikusanya matone tumia nozeli za feni, la sivyo utasuuza mistari na kuacha katikati.

Pingili7

La mwisho kuhusu ununuzi: angalia uzi wa skrubu kwenye ncha ya mpini kabla ya kununua brashi. Kuna aina zaidi ya moja na hazikubaliani. Shingo ya brashi iwe ya kukunjika na yenye kufuli la meno, si ya kukaza kwa msuguano, kwa sababu kwenye pembe kali ile ya msuguano inajigeuza brashi ikigusa fremu. Pia ujaribu mpini ukiwa na brashi na mpira ndani, si mtupu. Ufungue hadi urefu utakaoutumia, uulaze nyuzi 65, utikise mara moja kisha uache. Ncha ikiendelea kucheza wakati mikono yako imeshatulia, mrudishie muuzaji.